Kinundu cha Kibokoni

Nilikwenda Mombasa kwa sababu ya kinundu. Wenzangu wa Wundanyi mmenisema sana: wengine ati nimefuata bwana, wengine ati nimefuata samaki wa nazi. Samaki nilimla, sikatai. Lakini kilichonitoa nyumbani ni kinundu kwenye grafu, na leo nitawaeleza kilivyokuja na kilivyokwenda, ili mniache nipumue.

Mnajua kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikisoma shahada ya pili ya fizikia, huku bado ni fundi wa maabara ya chuo. Huko ng'ambo kuna mashine kubwa inayogonganisha chembe ndogo kupita kiasi, na wenyewe huziweka rekodi za migongano hiyo wazi, anayetaka azichambue. Shida ni wingi. Kompyuta moja ya maabara yetu ingezichambua mpaka nizeeke. Basi nikafanya kama wafanyavyo wengi duniani: nikaikata kazi vipande, nikaandika programu ya kuvigawa kwenye kompyuta za watu mbalimbali. Kila kompyuta huchambua kipande chake wakati mwenye nayo haitumii, kisha hunirudishia jibu kwa mtandao.

Kompyuta hizo nilizipata Mombasa, mtaa wa Kibokoni, kwa shoga yangu Swabra niliyesoma naye ualimu zamani. Nilimwomba moja tu, ya kwake. Baada ya wiki akanipigia simu, "Zimefika kumi na mbili." Alikuwa amewaambia majirani kuna dada wa bara amezidiwa na hesabu, nao wakasema haiwezekani azidiwe na wao wapo. Sikuwa nimemwona hata mmoja wao kwa macho.

Kwa kuogopa kompyuta mbovu, nilizipanga nyumba mbili mbili kwa ujirani, na kila kipande nilikipeleka kwa jozi moja. Majibu yakilingana, nayapokea. Yasipolingana, nangoja siku saba kisha naita nyumba ya tatu iamue. Mwezi uliopita kazi ikaisha, nikachora grafu. Grafu ya namna hiyo hushuka taratibu mpaka chini, laini. Yangu ilishuka, ikafika katikati, ikainuka kidogo, ikashuka tena. Kinundu! Na kinundu mahali kama hapo chaweza kuwa chembe ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Nilipiga kigelegele peke yangu maabara, mlinzi akaja mbio.

Msimamizi wangu wa masomo, daktari mpole asiyependa makelele, aliitazama ile grafu akavua miwani. "Mghoi," akasema, "Ijumaa ijayo unasimama mbele ya jopo la watahini. Umeongezewa muda mara mbili, ya tatu haipo. Kinundu hiki kikiwa cha kweli, utaitwa kila mahali mpaka uchoke. Kikiwa cha uongo nawe ukakitangaza, jina lako limekwisha. Kompyuta hizo umeziona?"

"Sijaziona."

"Nenda ukazione."

Jumamosi alfajiri niliteremka Wundanyi, ukungu ukiwa umelalia mashamba, nikapitia Mwatate hadi Voi, nikapanda basi la Mombasa. Begi lilikuwa na kompyuta yangu ndogo na kilo mbili za maharage ya zawadi. Njia nzima sikuona kitu. Maungu ilipita, Mackinnon Road ikapita, mimi nawaza kinundu changu na jina nitakaloipa hiyo chembe. Msicheke. Nilikuwa nimeshachagua jina la marehemu bibi yangu.

Saa saba hivi tulifika Makupa. Malori ya bandarini yalikuwa yamesimama mstari mrefu, madereva wamelala kwenye usukani, na wachuuzi wakipita katikati yao na maji baridi na korosho. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Joto la Mombasa lilinikumbatia bila kuniuliza. Mwembe Tayari nikashuka, nikachukua tuktuk, nikaingia Mji wa Kale.

Kibokoni, mlangoni kwa Swabra, nilijiaibisha dakika ya kwanza. Tulikumbatiana, akaniuliza hali, nikasema nzuri, nikamwuliza, "Haya, kompyuta ziko wapi?"

Swabra akashika kiuno. "Weye! Hata nyumbani hujaniambia hawajambo? Mama hajambo? Kaka zako? Ng'ombe? Ingia, nawa, ule. Kompyuta hazina miguu."

Nilisalimiwa na nyumba nzima, mmoja mmoja, na kila mmoja alitaka habari za watu wangu wote. Nikaletewa wali, samaki wa kupaka na achari ya maembe. Baada ya hapo ndipo nikatembezwa. Jamani, nilivyopokewa! Kompyuta moja ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, pembeni mwa cherehani. Nyingine ni ya kijana anayetengeneza mikanda ya harusi, ambaye alikuwa akimaliza harusi mapema kila siku ili mashine ifanye "kazi ya Dada". Bibi mmoja alikuwa akiifukiza yake udi kila Alhamisi, isipatwe na jicho. Nilikuwa nimezijua nyumba hizi kwa namba tu, nyumba ya tatu, nyumba ya tisa, na sasa nyumba ya tisa inanisukumia kaimati mdomoni. Nilijiona mdogo.

Ndia Kuu, njia ya jirani tu, katikati ya maduka ya vinyago na mikufu, nilionyeshwa duka la Fuad. Fuad ni mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mcheshi, fundi wa simu na kompyuta anayetegemewa na mtaa mzima. Ndiye aliyeiweka programu yangu katika nyumba zote, na nywila zote anazo yeye. "Dada, hii yangu ndiyo farasi," akasema akiipigapiga kompyuta yake mgongoni. "Kipande kimoja dakika ishirini. Hakuna anayeniwahi." Kweli, kwenye orodha zangu hakuna aliyekuwa akimtangulia.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Zuhura, jirani wa Swabra. Huyu alifundisha hesabu shule ya msingi hadi alipostaafu, na nusu ya Kibokoni imepita mikononi mwake, Swabra na Fuad wakiwamo. Nilimkuta amekaa kitako mbele ya kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mwanawe, miwani puani, mikono imefumbatwa.

"Sabalkheri, Mwalimu."

"Sabalkheri mwanangu. Ndoo uketi," akasema akinisogezea kiti. "Usiipite mbele, iko kazini."

Tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi. Alinisimulia mitihani ya enzi zake, alivyowapanga watoto dawati moja mmoja, dawati moja mmoja, na mwenye kuchungulia kwa mwenzake akichapwa fimbo mbili, moja ya kunakili na moja ya kunakili vibaya. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kompyuta nayo ikawa inakoroma. Kipande ilichokianza tukila mahamri kilikuwa bado hakijaisha ilipoadhiniwa adhuhuri.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nilifungua orodha zangu kimyakimya. Kwa muda wa miezi miwili, nyumba ya Mwalimu Zuhura ilikuwa ikirudisha kila kipande kwa dakika ishirini. Ishirini! Na mashine iliyo mbele yangu haikuweza kumaliza kimoja kwa asubuhi nzima. Nikatazama mwenziwe katika kugawiwa vipande alikuwa nani. Alikuwa Fuad.

Nilimuaga Mwalimu kwa uongo wa kichwa kuuma, nikarudi kwa Swabra. Alikuwa jikoni anakuna nazi. Nilipomwuliza majibu ya Mwalimu hutoka wapi, akaacha kukuna.

"Shoga, usikasirike."

"Nani amekwambia nitakasirika?"

"Nakujua." Akaifuta mikono kwa leso. "Ni ile nyekundu yako."

Sasa nisikilizeni, maana hapa pana kosa langu pia. Nilikuwa nimetengeneza ukurasa kwenye mtandao ambapo kila nyumba huliona jina lake: kijani kama majibu yamelingana na ya mwenziwe, nyekundu kama yametofautiana. Na kwa uvivu wangu niliweka hivi: anayejibu kwanza anangoja tu, anayejibu wa pili akitofautiana ndiye anayepata nyekundu. Fuad alikuwa wa kwanza daima. Mwalimu alikuwa wa pili daima. Basi wakaamka siku moja mtaa mzima wakaona mwalimu wao wa hesabu amepigwa nyekundu kumi na moja, zimepangana.

"Ulitaka tumwache na aibu ile?" Swabra akaniuliza, na machozi yalikuwa karibu. "Mwalimu Zuhura, akosee hesabu mbele ya wanafunzi wake? Tukasema mashine ni kongwe, mwenyewe mtu mzima, na asitiriwe. Fuad akawa anachukua majibu yake mwenyewe, anayapeleka kwa jina la Mwalimu, akaanza na zile kumi na moja kabla siku zako saba hazijaisha. Mwalimu hajui; mashine yake hadi leo yachambua vipande vilivyobaki nyuma, na majibu yake Fuad huyazuia. Sote twajua."

Sote! Mtaa mzima ulijua, isipokuwa Mwalimu na mimi mwenye kazi.

Hasira zangu mnazijua. Nilifika Ndia Kuu sijui hata niliivukaje njia. Nilimkuta Fuad na mteja, nikamsubiri mteja atoke, kisha nikamwaga yote. Nilimwambia majibu mawili yaliyotoka mashine moja ni jibu moja. Nilimwambia miaka mitatu. Alivua kofia, akasema, "Dada, mimi sikumdanganya mtu. Nilimpa majibu sahihi. Mashine yangu haikosei."

"Tutaona."

Niliipa farasi yake kipande ambacho jibu lake nilikuwa nalo tayari kutoka maabara. Dakika ishirini, kama alivyosema. Ikakosea. Nikaipa tena. Ikakosea vilevile, namba ileile imeng'ang'ania mahali palepale. Fuad akaifungua, akachomoa memori, ile kadi ya kumbukumbu, akaitazama kwenye mwanga. Miguu yake ya shaba ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi. Mtu anayesafisha kompyuta za mji mzima hakuwahi kuifungua yake. Kinyozi hajinyoi. Akaketi juu ya kreti ya soda.

Kwa hiyo fahamuni kilichotokea. Mwalimu Zuhura hakuwahi kukosea. Mashine yake kongwe ilikuwa inajibu sawa, polepole, na kila mara ikipigwa nyekundu kwa sababu ilitofautiana na mbovu iliyokuwa ikiiwahi. Wakamsitiri aliye sawa kwa majibu ya aliyekosea. Ile namba iliyong'ang'ania ikarudiwa mara mbili, ikapokewa, ikarundikana mahali pamoja kwenye grafu yangu. Hicho ndicho kinundu.

Alasiri ile nilikaa barazani kwa Swabra, na nitasema ukweli wangu wote. Nilikitaka kinundu. Nilikitaka hata baada ya kujua. Jopo lisingekuja Kibokoni kufungua memori ya mtu. Nikisema, nimejipokonya kazi siku tano kabla ya kusimama, na nimewaaibisha watu walionilisha. Nikinyamaza, Mwalimu hatajua, Fuad ataendelea kuwa fundi, na mimi nitaitwa daktari siku moja. Nilianza kutunga maneno ya kunyamazia. Niliyaona mazuri kabisa.

"Mghoi!" Mwalimu Zuhura alikuwa dirishani kwake. "Ndoo hapa."

Nilikwenda. Hakunikaribisha kiti. "Mashine yangu ina nini? Tangu adhuhuri kila nimtazamaye anihepa mato. Swabra anihepa. Weye ulikimbia chai. Nlifundisha watoto miaka mingi, mtu mwenye neno namjua. Sema."

Kunyamaza sikuweza. Nilifungua mdomo na maneno yangu mazuri, na badala yake nikamwambia yaliyotokea, tangu nyekundu mpaka kutu. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Yaani miye nlikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, Mwalimu. Tangu siku ya kwanza."

Akavaa buibui lake, akatoka. Nilimfuata mbio. Wanaume barazani walimwamkia, hakuitika, na hilo peke yake liliwafanya wainuke watufuate. Alipoingia dukani, Fuad alisimama wima, mikono nyuma, kama mtoto wa darasa la nne.

"Fuad. Nlikupiga fimbo ngapi kwa kunakili?"

"Nyingi, Mwalimu."

"Na leo, uzee wangu huu, waninakilia miye? Bila ya kuniuliza?" Sauti ilimpasuka, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Nadhani hata mwenyewe hakujua. "Mulinipenda. Naona. Mungu awalipe. Lakini sitara ni ya mtu, si ya hesabu. Hesabu hukaa wazi, ikasahihishwa. Mungeniacha na nyekundu zangu, huyu maskini angejua mapema!"

Fuad akaushika mkono wake akaubusu, akilia waziwazi mbele ya watu. Mwalimu alimwacha alie kidogo, kisha akanigeukia. "Vipande vingapi vya kurudiwa?"

Nikamtajia. Vilikuwa zaidi ya mia mbili.

"Na siku?"

"Lazima niondoke Alhamisi asubuhi."

"Basi tufanye mtihani," akasema.

Jumatatu mpaka Jumatano, Kibokoni ilifanya mtihani. Nilifuta ule ukurasa wa rangi, na laiti nisingewahi kuubuni. Nikagawa vipande upya kwa kura, nyumba za mbali na mbali, na hakuna aliyeambiwa mwenziwe ni nani. Mwalimu Zuhura alipita mlango kwa mlango mara tatu kwa siku akiwa na rula mkononi, sijui ya nini. Barazani ilipigwa marufuku kuuliza, "Yako imefika wapi?" Kijana wa harusi aliwaomba maharusi wawili wasubiri. Fuad alinunua memori mpya, nikaijaribu mara tano mbele yake, akaingia kundini kwa heshima. Na mashine ya Mwalimu ilikoroma usiku na mchana ikatoa vipande vitano. Vyote vitano vililingana.

Jumatano baada ya alasiri kipande cha mwisho kiliingia. Sebule ya Swabra ilijaa watu. Nilibonyeza, grafu ikachoreka kutoka kushoto, ikashuka, ikafika pale katikati, ikaendelea kushuka. Laini. Nililia, jamani. Nilikuwa nimejua tangu Jumapili, lakini kujua ni kimoja na kuona ni kingine. Majirani wakaanza kuniambia pole kwa sauti za chini, mmoja baada ya mwingine, tunavyoambiana msibani.

"Yaani hapana kitu hapo?" Mwalimu akauliza.

"Hapana kitu."

"Wajua kwa yakini?"

"Kwa yakini, Mwalimu."

"Basi andika hivo," akasema, akamwagiza Swabra alete chai.

Alhamisi asubuhi niliagwa na mtaa mzima, begi likiwa na mahamri, achari, mabuyu na halua isiyofungika vizuri. Basi lilisimama Makupa kuchukua abiria, na nani anapanda, jasho linamtiririka, na mkoba mdogo? Fuad.

"Nimefunga duka," akasema, akaketi karibu yangu. "Utasema kompyuta mbovu ilikuwa ya nani? Utasema 'mtu mmoja wa Mombasa'. Nakujua, ushaambukizwa tabia zetu. Nitasema mwenyewe."

Nilimkumbusha kwamba yeye ni fundi, na maneno husafiri. Wateja wakisikia mashine yake mwenyewe ilikuwa na kutu, watamcheka.

"Wacha wacheke. Nilimnyamazia Mwalimu, ikawa vile. Sinyamazi tena." Tulipopanda mlima wa Wundanyi jioni, alianza kutetemeka kwa baridi, nikampa shali yangu ya waridi. Aliivaa bila haya. Mama alimpenda papo hapo.

Ijumaa saa nne nilisimama mbele ya jopo chuoni. Nilionyesha grafu yangu laini. Kisha nilionyesha na ile ya kinundu, nikaeleza kilivyoingia: ukurasa wangu wa rangi, uvivu wangu wa kuwapanga jirani na jirani, majibu yaliyonakiliwa. Mmoja wa wajumbe akauliza kama nina hakika chanzo ni hicho, maana ni rahisi kumtupia lawama asiyekuwapo.

"Nipo," akasema Fuad kutoka nyuma. Alisimama na kofia yake na shali yangu. "Mashine mbovu ni yangu. Mimi ni fundi wa kompyuta, Ndia Kuu. Majibu niliyanakili mimi, kwa kumpenda mwalimu wangu, na mwalimu wangu ndiye alikuwa sawa. Niandikeni." Watu wakacheka, kisha wakaacha.

Mtahini aliyetoka chuo kingine, mama mmoja, akaweka kalamu chini. "Bi Mghoi, watu hawa nusura wakuangamize. Ukipewa rekodi nyingine kesho, utawapelekea nani?"

Shahada walinipa, hilo mmeshalisikia. Lakini safari yote ilinifundisha lile jibu nililompa mama yule, na sikulifikiri hata kidogo, lilitoka lenyewe.

"Hao hao," nikasema. "Mashine mbovu ziko kila mahali, mama. Mtu wa kupanda basi kuja kusema mbovu ni yangu, sijui pengine pa kumpata."